Shahidi wa Pikipiki Mbili, Sirare hadi Kosele

Kwa kuwa kila ninayekutana naye sokoni hapa Magu ananiuliza swali lilelile, yaani pikipiki yangu iko wapi, na kwa kuwa mwenzangu, Mzee Masanja, amekwisha kusambaza masimulizi yake ambamo mimi ninaonekana kama gunia la pumba lililodondoka kutoka kwenye lori, nimeona ni wajibu wangu kuyaandika mambo kama yalivyotokea. Habari za vibali na mihuri nitaziacha. Nilizishughulikia kwa muda wote wa utumishi wangu, na sidhani kama yupo rafiki anayetamani kuzisoma.

Magu hadi Sirare

Masanja alistaafu akiwa bwana mifugo, mimi nikiwa afisa utumishi. Kila mmoja wetu aliondoka serikalini na pikipiki aliyouziwa na idara, zile ndefu za miradi, zenye matairi ya meno na bomba la moshi lililopinda kwenda juu kama mkia wa nge. Tofauti ni kwamba yake ilizeekea majoshoni na malishoni, na yangu ilizeekea kati ya ofisi na nyumbani, ikifutwa vumbi kila Jumamosi.

Asubuhi moja nilikuwa kwake nikinywa chai, mara Kulwa, mwanawe mkubwa, akafika kutoka Mwanza na hukumu mkononi. Wakati wa mvua zilizopita baba yake aliteleza akaumia goti, na watoto walikuwa wamekaa kikao wakaamua kwamba pikipiki iuzwe.

"Baba, umri huu ni wa kukaa barazani," Kulwa alisema.

"Barazani hakuna gia," Masanja akajibu.

Wakabishana mpaka mimi, kwa mazoea mabaya ya kazi, nikaingilia kati. Nikasema kwamba hata karani hafukuzwi bila kupewa kipindi cha majaribio. Mzee na asafiri safari moja ngumu. Asipoanguka, pikipiki ibaki mikononi mwake. Akianguka hata mara moja, iuzwe, na asinung'unike.

Kulwa alifikiri, kisha akakubali kwa sharti moja: niende naye, nirudi nitoe ushahidi. "Mzee Mgonja hasemi uongo hata kumfariji mgonjwa," alisema. Sikuona kosa katika maneno hayo.

Masanja alinitazama kwa hasira, kisha akaangua kicheko. "Mpare wewe! Nilijua siku moja utakosa wa kumshitaki uanze na mimi. Ukimaliza kesi yangu utajishitaki mwenyewe!"

"Safari yenyewe ya wapi?" Kulwa aliuliza. Mimi nilikuwa nafikiria Bunda.

"Nje ya nchi," akasema Masanja. "Nataka kula samaki Homa Bay."

Chai yangu ilikuwa haijapoa wakati tunafunga mizigo. Binti yangu Neema alinikuta natafuta tai yangu ya kijani, akauliza kama nimeitwa kwenye usaili. Tulikubaliana kwamba lami itatufikisha mpakani tu, kwa sababu lami haimpimi mtu. Kutoka hapo tutafuata njia za ng'ombe.

Isebania hadi Migori

Sikuwa nimevuka mpaka ule tangu Jumuiya ilipovunjika, na sasa wanapozungumza kuifufua niliona inafaa niingie nchi jirani nimevaa kwa heshima. Heshima hiyo haikutambuliwa. Wabadilishaji fedha walituzingira kama nyuki, na mmoja wao alishika tai yangu akauliza kama ninaiuza.

Tulicheleweshwa na fahali. Lori la mifugo lilikuwa limesimama mahali pembamba kabisa, fahali mmoja amelala ndani akagoma kuinuka, na nyuma ya lori hilo nchi mbili zilikuwa zinapiga honi. Masanja alipanda juu bila kuombwa. Alimkunja fahali mkia kidogo tu, akamnong'oneza jambo sikioni, na yule mnyama akainuka kama mwanafunzi aliyeitwa jina.

"Mzee, wewe ni daktari ya ng'ombe?" dereva akauliza.

"Mimi ni rafiki yao."

"Basi wewe pita. Na huyu wa tai?"

"Huyu ni shahidi."

Dereva alinipisha kwa uangalifu mkubwa, akidhani kuna mtu anapelekwa mahakamani.

Baada ya Isebania tuliiacha barabara. Wasomaji wangu, sijui niwaeleze namna gani. Njia ilikuwa na upana wa kwato, ikipita kati ya mashamba ya tumbaku na mahindi, ikishuka ghafla kwenye vijito na kupanda tena kama inakimbizwa. Masanja alisimama juu ya vikanyagio, magoti yamelegea, shati limejaa upepo, akiimba kwa Kisukuma. Mimi nilikuwa nyuma yake nikiyaangalia magurudumu yake kwa jicho la kiofisi. Kila yalipoteleza, moyo wangu uliruka. Kila yaliposimama sawa, nilijikuta nashangilia, jambo ambalo si tabia ya shahidi asiyeegemea upande. Kwenye mteremko mmoja nilipiga kelele kubwa, "Haya twende!", na nilipogeuka kuona ni nani aliyepayuka vile, hapakuwa na mtu mwingine.

Mjini Migori tulikula pilau kwenye hoteli ya Mama Zuhura, Mwislamu aliyetoka Mombasa zamani kufuata biashara. Nilifarijika kukisikia Kiswahili chake. Nikamwambia, "Mama, ningeomba, endapo haitakuwa usumbufu, niongezewe kachumbari kwa kiasi kitakachoonekana kinafaa."

Alishika kiuno. "Ala! Baba, mbona wazungumza kama taarifa ya habari? Sema wataka kachumbari!"

"Nataka kachumbari," nikasema.

"Umeona? Na hujafa."

Masanja alicheka mpaka akakabwa na wali. Naomba ieleweke kwamba kachumbari niliyoletewa ilikuwa bakuli zima.

Migori hadi Osiri

Mama Zuhura alituonya kwamba tukikata kwenda upande wa Osiri tutakuta machimbo ya dhahabu, na ardhi ya huko ina matundu kama chujio. Masanja alisikiliza kwa makini, akashukuru, akakata kwenda Osiri.

Wachimbaji walipotuona tukishuka kilimani, wazee wawili wenye helmeti, mmoja na tai, waliacha koleo wakatawanyika. Walidhani sisi ni serikali. Kwa kuwa niliitumikia serikali maisha yangu yote, nakiri kwamba jambo hilo lilinipa faraja fulani. Niliinua mkono kuwatuliza, kama ninavyokumbuka mkuu wangu wa zamani akifanya kwenye mikutano ya hadhara.

Hapo ndipo kosa lilipotokea. Mkono ulioinuliwa ulikuwa wa klachi. Pikipiki ilishtuka, ikaruka rundo la mawe, ikaniacha hewani kwa muda mfupi wa kutosha kutafakari, kisha ikatua ubavuni. Mimi nilitua ndani ya dimbwi wanamooshea mchanga wa dhahabu.

Serikali haianguki namna ile, na wachimbaji walilijua hilo mara moja. Walirudi wote wakicheka. Jamaa mmoja mwenye mabega kama mlango, aliyejiita Odoyo, alinivuta kwa ukosi.

"Jaduong', pole sana," alisema, akitumia neno lao la kumheshimu mzee. "Lakini hapa dhahabu tunatafuta na karai. Wewe unatafuta na kichwa?"

"Mwangalie vizuri masikioni," Masanja akasema. "Huenda amepata."

Walinisugua kwa maji safi, wakatuketisha, wakatulisha mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja. Nikasema haya ni makande. Odoyo akasema hapana, hii ni *nyoyo*. Nikaeleza kwamba kwetu ni makande. Akaeleza kwamba kwao si kwetu. Mjadala ulikwisha sufuria lilipokwisha.

Pikipiki yangu ilikuwa imevunjika taa na honi imekufa. Sasa, mnajua nilivyo katika mambo ya usalama barabarani. Kwetu, chombo kikiharibika, dereva hukata matawi mabichi akayaweka barabarani ili kuwaonya wanaokuja. Nami nikakata matawi, nikayafunga mengine mbele mahali pa taa na mengine nyuma, yakapepea vizuri kabisa. Masanja aliniambia ninafanana na kichaka kilichopata ajira. Nikampuuza, nikamfungia na yeye mawili, kwa kuwa alikuwa anasafiri na chombo kibovu.

Osiri hadi Homa Bay

Nataka niwasifu wananchi wa upande ule. Tangu tulipofunga matawi, adabu waliyotuonyesha haina mfano. Wanaume walivua kofia. Wanawake waliokuwa wakipalilia waliinuka wakaweka mikono kiunoni au kichwani. Mchungaji mmoja wa mbuzi aliwasukumia mbuzi wake wote mtaroni ili tupite.

"Unaona?" nilimwambia Masanja tuliposimama kunywa maji. "Mtu akivaa kwa heshima."

"Umejaa tope mpaka kope."

"Tai inaonekana."

Tuliingia Homa Bay jua likiwa bado juu. Masanja alikula mbuta, yaani sangara wetu, aliyekaangwa, kipande kikubwa kama kandambili, akafumba macho. Kabla ya hapo nilikuwa sijamwona akifumba macho juu ya chakula. Kisha, bila kuyafumbua, akasema: "Mgonja. Nikirudi wakaiuza, nitakuwa mzee."

"Wewe ni mzee sasa hivi."

"Hapana. Sasa hivi nina umri mkubwa tu. Tofauti iko pale nje, imeegeshwa ukutani."

Nilitazama samaki wangu. Nilikumbuka kwamba ni mimi niliyeweka lile sharti, kati ya funda moja la chai na jingine, na nikatamani laiti ningekuwa na mkate mdomoni wakati ule.

Homa Bay hadi Kosele

Asubuhi tulipanga kupitia Kosele, kisha tugeuke kusini kuelekea nyumbani. Fundi wa taa hakupatikana, kwa hiyo nilibadilisha matawi nikaweka mabichi zaidi.

Karibu na Kosele, kwenye njia panda, mtu mwenye filimbi shingoni alitukimbilia akipunga mikono. "Mmechelewa! Ni huku, ni huku! Pitia kwa ile njia ya ng'ombe!" Wenzake wakaipokea kauli hiyo, na kila tulipofika penye kona kulikuwa na mtu wa kutuonyesha. Mimi niliamini kwamba ni utaratibu mpya wa kupokea watalii. Njia hiyo ilitufikisha moja kwa moja katika uwanja wa boma lililojaa watu, ngoma na moshi wa vyungu, na mbele ya nyumba palikuwa na kaburi jipya.

Bwana mmoja mrefu, aliyekuwa na macho mekundu ya kukesha, alikuja akanipa mkono kwa mikono yake yote miwili. Ndiye Ouma, mtoto wa kwanza wa marehemu.

"Mmetoka wapi, wazee wetu?"

"Tanzania. Magu, mkoa wa Mwanza."

Aligeuka akatangaza kwa Kijaluo, na nikasikia jina la Mwanza likipita midomoni mwa watu kama upepo kwenye mtama. Ilibainika kwamba baba yao, katika ujana wake, alifanya kazi Mwanza kwenye kinu cha pamba. "Alikuwa anasema ako na marafiki huko," Ouma alisema. "Sisi tulifikiri ni hadithi ya wazee tu. Kumbe!"

Masanja alikuwa amekwisha kuwekewa sahani. Mimi nisingeweza kula chakula cha mtu kwa madai yasiyo ya kweli. Nikaomba nafasi ya kusema, nikanyoosha tai.

"Ndugu wafiwa," nilisema, "napenda kuweka kumbukumbu sawa. Mimi na mwenzangu hatukumfahamu marehemu. Hatukupata kumwona. Tumefika hapa kwa sababu kila mtu njiani alituelekeza huku, na sababu ya kufanya hivyo siijui."

Masanja aliacha kutafuna. Kisha mjane, bibi mdogo wa umbo aliyekaa kwenye mkeka, akasema jambo fupi, na umati wote ukalipuka kwa vifijo na filimbi.

"Mama anasema," Ouma akafasiri, "hawa wengine walikuwa wanamjua, lakini wamekuja juu ya nyama. Wewe haukumjua, umevuka mpaka, na umefunga matawi vizuri kuliko watoto wake. Keti."

"Matawi?" nikauliza.

"Si gari ikiwa na matawi inaenda matanga?"

Ndipo nikazielewa zile kofia zilizovuliwa. Nikamweleza, kwa aibu, kwamba kwetu matawi huonya kuwa kuna chombo kimekwama mbele. Ouma alilitazama kaburi, akatabasamu kwa mara ya kwanza.

"Basi ni kitu moja, jaduong'. Hapa pia kuna mtu amesimama kwa njia."

Nikaketi. Nikala.

Kosele: ng'ombe wanatoka

Mzee mwanamume akifa, watu wale hutoa ng'ombe bomani, wakawakimbiza hadi mwisho wa malisho kwa filimbi, mikuki na nyimbo, ili kifo kifukuzwe mbali na nyumba ile. Ouma alitueleza hivyo huku akizitazama pikipiki zetu kwa namna ambayo Masanja aliielewa upesi.

"Ziko na kelele?" Ouma aliuliza.

"Ya kwangu," Masanja alisema, "inaweza kuamsha…" Akaona kaburi. "Iko na kelele."

Nilimvuta kando. Nikamkumbusha goti lake, Kulwa na sharti letu. Uwanja ule ulikuwa na vichuguu, mashimo, na ng'ombe waliokwisha kuchemka. Tulikuwa tumebakiza njia ya kurudi tu, naye hajaanguka. Angeweza kukaa mkekani akahifadhi pikipiki yake.

"Nikikaa," alisema akivaa helmeti, "nitakuwa nimeihifadhi ili niifanyie nini?"

Nikavaa ya kwangu.

Ng'ombe walitoka bomani kama mto uliovunja kingo, sisi pembeni yao, wanaume wenye mikuki na majani vichwani wakiruka na kupiga kelele. Pikipiki ziliunguruma, vumbi likapanda, ardhi ikatetemeka mpaka kwenye meno. Nilikuwa napiga yowe. Nilikiita kifo majina ambayo sitayaandika hapa, kwa kuwa wajukuu wangu wanasoma. Hadi siku ile nilikuwa sijapata kukifukuza kitu chochote. Kazi yangu ilikuwa kuwaandikia watu barua za kustaafu.

Kisha fahali aliyetangulia akageuka. Aliacha kundi akarudi mbio kuelekea bomani, moja kwa moja upande wa mikeka ya akina mama. Watu walipiga kelele. Masanja alipinda pikipiki karibu ilale, akamkimbilia ubavuni, bega kwa bega, akiongea naye. Fahali alipunga pembe. Masanja hakuwa na njia ila kichuguu. Alikipanda, akaruka kileleni, magurudumu yote mawili yakawa hewani, na mimi nikasahau kupumua. Alitua mbele ya pua ya fahali. Pikipiki ikayumba kulia. Ikayumba kushoto. Mguu wake, ule wa goti bovu, ukagusa ardhi, ukaisukuma, na pikipiki ikasimama wima. Fahali alimtazama, akaghairi, akageuka kuwafuata wenzake.

Niliyaona yote hayo kwa ukamilifu, kwa sababu sikuwa natazama mbele. Shamba la mihogo lilinipokea kwa mikono miwili.

Ouma na wenzake walinibeba juujuu hadi bomani, nikiwa na majani ya mihogo kwenye helmeti, na mjane akanipigia vigelegele. Walidhani nimefanya makusudi kwa heshima ya marehemu. Nilianza kuweka kumbukumbu sawa, lakini Masanja akanikanyaga mguu.

Kosele hadi Magu

Wakati wa kurudi nilianguka tena kidogo karibu na Rongo, kwa sababu ya bata. Sitalieleza.

Nyumbani tulimkuta Kulwa barazani, na Neema alikuwa amefika kuniletea shati safi. Masanja aliegesha pikipiki, akavua helmeti, akakaa kwenye ngazi. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti, imetulia mno. Nilimfahamu mtu yule tangu tukiwa na nywele nyeusi, na nilikuwa sijaiona mikono yake imetulia vile.

"Mzee Mgonja," Kulwa akasema, "baba ameanguka?"

Nilisimama. Nikaeleza Isebania, vijito, Osiri, fahali na kichuguu. Nikaeleza kwamba mguu uligusa ardhi. Kulwa akainamia mbele. Nikasema kwamba mguu ulifanya kazi iliyoumbiwa miguu, na kwamba kwa ushahidi wangu kamili Bwana Masanja hakuanguka, hata mara moja, mahali popote, nje wala ndani ya nchi.

Kulwa akainuka, akauchomoa ufunguo kwenye pikipiki, akauweka kwenye kiganja cha mzee wake na kukifumba. Masanja aligeuza uso kuelekea kwenye migomba, akawa anaisoma.

Ningeishia hapo. Lakini Neema, ambaye alikuwa anaitazama suruali yangu, akauliza kwa upole, "Na wewe, baba?"

Nilikuwa nimeahidi ukweli. Nikaanza na dimbwi, nikaendelea na mihogo, na kwa kuwa ushahidi nusu si ushahidi, nikamalizia na bata. Nilipofika kwa bata, Masanja alikuwa amelala kifudifudi barazani, mabega yanatetemeka.

"Si nilisema?" alipata kusema. "Si nilisema atajishitaki!"

"Baba," Neema akanyoosha mkono, "sharti uliliweka mwenyewe."

Nilitoa ufunguo. Bado naona hukumu ile haikufuata taratibu, kwa sababu mimi sikuwa mshitakiwa, na nimemweleza Neema hivyo kwa mdomo na kwa maandishi.

Siku hizi Masanja hupita kunichukua kila asubuhi ya Alhamisi, akipiga honi tangu kwenye kona. Ninavaa helmeti na tai, napanda nyuma, namshika kiuno, na tunaiacha barabara. Wiki iliyopita niligundua kwa nini watu wa Magu walikuwa wanacheka tukipita. Alikuwa amenifunga mgongoni tawi bichi, kubwa, lililofungwa vizuri, la kuwaonya wanaotufuata kwamba mbele kuna chombo kimeharibika.

Sijalitoa.